Dresa na Mbwa Aliyekula Kitini

Kila asubuhi saa mbili Dresa alifungua mlango wa dispensari ya Garissa, akasimama kizingitini na koti lake jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, akaitazama foleni kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Haya, leo nani anakufa?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hakuna mtu? Alhamdulillahi. Basi kaa chini wote, hakuna haraka."

Wageni walikasirika. Wenyeji walicheka wakakaa chini, kwa sababu walijua kwamba aliyekuwa mahututi kweli Dresa alikwisha kumwona kwa lile jicho la kwanza, na ndiye angeingia kabla ya wote. Sijawahi kumwona akikosea katika hilo.

Mimi nilifika Garissa nikiwa bibi arusi wa miezi mitatu, nimetoka Malindi na mume wangu aliyekuwa karani wa posta, miaka michache baada ya vita vya Mtaliano kwisha. Tulipewa nyumba kwenye laini za serikali: chumba kimoja na baraza, kuta za udongo, paa la mabati lililopiga kelele kwa joto mchana kutwa. Ukuta mmoja tulishirikiana na jirani, na jirani mwenyewe alikuwa Dresa. Mke wake alikuwa mbali, Rhamu, akiangalia mashamba yao kando ya mto Daua, na walikutana mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo yake. Daktari wa serikali alikuja mara moja kwa mwezi kama mvua haikukata barabara. Siku nyingine zote daktari alikuwa yeye, dresa tu, yaani msaidizi wa daktari, ambaye mji mzima ulimwita kwa jina la kazi yake: alifunga vidonda, aling'oa meno, aliwachoma sindano watu waliokuwa wakubwa kuliko yeye huku wakimwita baba.

Kiswahili chake alikiokota jeshini na sokoni, na alikisema kwa ulimi wa Kisomali: pe ikawa be, ve ikawa fe, na ngeli zote akazivika nguo moja. Siku za kwanza nilimcheka waziwazi. Hakuudhika.

"Wewe naongea kama mtu naimba," aliniambia. "Mimi naongea kama mtu nakwenda. Nani atafika kwanza, abaayo?"

Abaayo ni dada kwa lugha yao. Aliniita hivyo tangu wiki ya kwanza, na mume wangu akamwita shemeji, na yakaisha.

Kwa watu alikuwa mkali. Aliwafokea wanawake waliochelewa kuleta watoto, aliwafokea wazee walioficha vidonda, alimfokea hata daktari mwenyewe kwa kuacha dirisha wazi. Lakini mnyama alikuwa jambo jingine. Siku moja alikuja mtu aliyekatwa mguu na shoka, damu imejaa kiatu, amepanda punda. Punda yule alikuwa na alama za fimbo mgongoni, mpya na za zamani. Dresa alitoka nje, akamfunga yule mtu mguu kwa kitambaa damu isimwagike, kisha akaacha kazi hapo hapo.

"Kidonda tutashona," alisema. "Lakini kwanza omba bunda msamaha."

"Niombe nini?"

"Msamaha. Imekuleta na mgongo imeumia, na wewe umeumia mguu. Sasa nyinyi sawasawa. Omba."

Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. Yule bwana aliinama sikioni mwa punda wake, akanong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, na Dresa akashona nyuzi tisa.

Na huyu huyu aliyechoma sindano mji mzima aliogopa sindano kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Mwaka wa chanjo ya ndui aliwachanja watu tangu asubuhi mpaka alasiri, akiwaambia kila mmoja: "Nini unalia? Kama mbu tu." Ilipofika zamu yake daktari alimtafuta akamkuta nyuma ya tangi la maji. Alipokamatwa alikunja shati mwenyewe, akatazama kando, akaanguka chini kama gunia. Walimbeba mpaka nyumbani. Mume wangu alimpelekea chai ya sukari nyingi, naye akasema, macho bado yamefumbwa, "Shemeji, mtu yeyote asijue." Watu mia mbili walikuwa wamemwona.

Sindano ndiyo iliyomletea yule mbwa.

Kulikuwa na Mzungu mmoja msimamizi wa barabara aliyekuwa akihamishwa. Alikuwa na mbwa wa kahawia, masikio yameanguka, na mbwa huyo alikuwa mgonjwa tangu utoto wake: kila alichokula kilirudi. Hakutapika kwa kujikamua kama mbwa wengine. Aliinamisha kichwa tu, na chakula kikatoka kama kilivyoingia. Alikuwa mbavu na macho. Mzungu alimpenda, nadhani, na kwa sababu alimpenda alimwita Dresa aje na dawa ya kumlaza moja kwa moja kabla ya lori kuondoka.

Dresa alikwenda na sanduku lake. Yaliyotokea huko nilimsikia akimsimulia mume wangu barazani jioni ile.

"Nimetoa sindano. Mbwa ikatazama sindano. Halafu ikatazama mimi. Shemeji, walahi, ile macho najua. Ni macho yangu mimi wakati ya ndui."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema uongo moja. Nikasema, Bwana, dawa imekwisha."

Mzungu alikuwa na haraka, lori lilikuwa likinguruma. Alimwachia kamba mkononi na kumwambia amalize kazi dawa ikifika. Dresa alirudi laini za serikali akimwongoza mbwa, na nilipotoka barazani nikamkuta amemfunga kwenye nguzo ya mlango wake, hatua sita kutoka kwenye mkeka wangu wa kusalia.

Niliwaka. Nilimwambia kwamba yeye ni Mwislamu kama mimi na anajua mate ya mbwa ni najisi, na kwamba kama amekosa mtu wa kumfokea nyumbani angeoa mke wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwa sheikhe wa msikiti, akarudi na sheikhe mwenyewe.

Sheikhe alimtazama mbwa, akauliza: "Mbwa wa kuchunga tunaruhusiwa, na wa kulinda pia. Huyu analinda nini?"

"Inalinda mimi na hasira," akasema Dresa. "Tangu jana sijafokea mtu."

Sheikhe alicheka mpaka akashika ukuta. Akaamua hivi: mbwa alale nyuma ya nyumba na awe mlinzi wa laini zote, asikanyage baraza wala mahali pa sala, na yeyote atakayeguswa na mate yake aoshe mara saba, moja kwa udongo. Dresa alilishika neno hilo kama amri ya jeshi. Alitenga kaptula na shati la khaki kwa ajili ya mbwa peke yake. Aliweka debe la mchanga safi wa mtoni nyuma ya nyumba, na kupitia ukutani nilimsikia akijiosha kila jioni na kuhesabu kwa sauti, moja mpaka saba, ili nami nisikie.

Jina alimpa Mgonjwa. Sijui kama lilikuwa mzaha. Alilitumia bila kucheka, na alipopita dispensari na mbwa nyuma yake akaita, "Mgonjwa, njoo!" foleni yote ilisimama.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Alimpa maziwa ya ngamia, yakarudi. Alimpa nyama ya kusaga, ikarudi. Alimpa uji, supu, yai. Nilimsikia akizungumza naye kule nyuma kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili, akimhesabia wagonjwa wa siku ile na ubishi wao, na mwishoni ile sauti ya chakula kikidondoka chini, na Dresa akinyamaza. Mimi, niliyekuwa sitaki kumwona mbwa yule, nikaanza kukisubiri kile kimya na kukiogopa.

Kisha ikaja mkesha wa Idi. Mume wangu alikuwa amenunua paja la mbuzi, nami nikalitundika kwenye ndoano ya boriti, upande wa nyuma wenye kivuli. Nilikwenda kuteka maji. Niliporudi nilimkuta Mgonjwa amekata kamba, amesimama kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameiegemeza ukutani, shingo ameinyoosha juu kama twiga, anachana nyama yangu ya Idi kipande kwa kipande.

Nilipiga kelele laini nzima ikatoka. Dresa alikuja mbio, shati nusu, na mimi nikamwangushia kila neno nililokuwa nalo. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mbwa, na ametoa saa yake ya mfukoni.

"Unanisikia, Dresa? Nyama ya Idi!"

"Bole bole, abaayo. Tangu lini anakula?"

"Nitajuaje? Tangu nilipokwenda kisimani!"

"Na haijatabika."

"Nini?"

"Tazama chini. Haijatabika!"

Nikatazama. Chini palikuwa pakavu. Mbwa bado alikuwa amesimama wima, anarambaramba mfupa. Sote wawili tukamtazama, mimi na hasira zangu, yeye na saa yake, mpaka mbwa alipochoka akashuka. Tukangoja. Kikarudi kidogo tu, kama kijiko. Vingine vyote vilibaki tumboni.

Dresa alikaa chini kwenye mchanga kama mtu aliyepigwa. "Koo yake haina nguvu," alisema. "Haiwezi kusukuma. Lakini chakula ikitoka juu, inaanguka yenyewe. Kama maji kwenye bomba." Akaninyooshea kidole. "Wewe umebata dawa, abaayo. Daktari hakubata. Mimi sikubata. Wewe na mguu ya mbuzi."

Kesho yake, baada ya sala ya Idi, alileta paja jingine, kubwa kuliko lile.

Kiti alikitengeneza seremala wa sokoni kwa mbao za sanduku la petroli. Dresa alimweleza: kirefu, chembamba, cha kukalia mtu asiyeweza kukaa, chenye kijibao mbele cha kumzuia asianguke, na mahali pa kuwekea bakuli juu. Seremala aliuliza mtoto ni wa umri gani amchukulie kipimo. Dresa akamwambia aje na futi yake. Alipomwona mtoto mwenyewe aliweka futi mfukoni akataka kuondoka, na ilichukua vikombe viwili vya chai kumrudisha. Lakini kazi aliifanya vizuri, pembe zote amezipiga randa, na mwishoni akaongeza kwa hiari yake kimto cha gunia mgongoni.

Basi tangu siku hiyo, mara nne kwa siku, Mgonjwa aliingizwa kitini akakaa wima kama karani mbele ya meza, mikono yake miwili juu ya kijibao. Alilishwa uji mzito na nyama iliyopondwa, tonge baada ya tonge, na baada ya kula alibaki hapo robo saa huku Dresa akimsugua kifua na kumpa habari za mji. Akasahau kwamba ukuta una masikio. Nilijua nani ana jipu wapi, na mzee gani wa maduka amemeza jino lake mwenyewe akiwa usingizini, na ilinibidi nikutane nao sokoni nikiwa na uso mkavu. Mbwa akanenepa. Manyoya yakang'aa. Lakini mate hayakukoma kumchuruzika, kwa sababu hata mate aliyameza kwa shida, na hiyo ndiyo ilikuja kuwa balaa.

Katika mwaka wa pili Dresa aliitwa Modogashe, kulikuwa na homa. Angekaa siku nne. Alinijia barazani, akasimama mbali, kofia mkononi, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Abaayo, nani atalisha mgonjwa wangu?"

Nilisema si mimi. Mume wangu, aliyekuwa akisoma, akasema bila kuinua macho, "Mke wangu, wewe ndiye uliyegundua dawa." Basi nikamlisha. Nilitumia upawa mrefu, uso nimeugeuza. Siku ya pili nilikuwa nimegeuza uso kidogo. Siku ya tatu nilimkaripia kwa kula haraka, na nilipokuwa nikimfuta kidevu kwa kitambaa, mate yake yakanidondokea kwenye kidole nilichokuwa nimejikata asubuhi ile kwa kisu cha vitunguu. Nikaosha mara saba, moja kwa udongo, nikasahau.

Dresa alirudi kwa lori la mwisho kabla mvua haijakata barabara. Siku mbili baadaye habari zikavuka mto: mbweha mwenye kichaa alikuwa ameuma mbuzi na mbwa wa watu ng'ambo ya Tana, na mchungaji mmoja. Bwana Mkubwa wa boma akatoa amri. Mbwa wanaozurura wapigwe risasi, na mwenye dalili apigwe hata kama amefungwa.

Sajenti wa polisi alikuja laini za serikali asubuhi na askari wawili. Alikuwa mtu wa bara, mwenye adabu, aliyewahi kutibiwa jicho na Dresa, na ilionekana kazi ile haimfurahishi.

"Dresa, mbwa wako anatoa povu."

"Si bofu," akasema Dresa. "Ni koo bofu."

"Ndiyo, povu. Nimeliona."

"Nimesema si bofu! Koo! Koo ndiyo bofu!"

"Sasa ni povu au si povu?"

Niliona bunduki ikishushwa begani, na nikasahau aibu yangu na buibui langu lililobaki ndani. "Sajenti," nikapiga kelele kutoka mlangoni, "anasema si povu, ni koo lake ni bovu! Bo-vu! Hawezi kumeza vizuri!"

Sajenti akakuna kidevu. "Mama, mbwa mwenye kichaa ndiye asiyeweza kumeza. Hata maji. Hebu apewe maji tuone."

"Siyo hiyo njia," akasema Dresa upesi. "Ngoja nilete kiti..."

Lakini askari mmoja alikwisha kusogeza bakuli. Mgonjwa, mwenye kiu ya asubuhi, aliinama akanywa, na maji yote yakamrudia kwa pua na mdomo, meupe kwa mate, yakamwagika miguuni mwa yule askari. Watu waliokuwa wamekusanyika walirudi nyuma kwa pamoja. Bunduki ikainuka.

Dresa akaenda akasimama mbele ya mbwa. Alikuwa mtu mfupi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti ndogo.

"Sajenti. Mbwa ya kichaa siku kumi haimalizi. Inakufa. Daktari yote anajua. Funga mimi na yeye bamoja siku kumi. Akiwa na kichaa, kwanza ataniuma mimi, na wewe utabiga risasi wawili. Akiwa hana, utatutoa."

Sajenti aliamuru bunduki ishushwe. Kisha akaenda bomani kuuliza, na akarudi na jibu: siku kumi, kwenye zizi la serikali lililokuwa tupu, askari mlangoni.

Walipokuwa wakiondoka na kiti chao ndipo nilipokitazama kidole changu.

Nilimwambia mume wangu mchana ule ule. Alikwenda posta, akakaa kwenye simu ya upepo mpaka jioni akiomba sindano za kichaa kutoka Nairobi. Jibu lilikuja: zipo, kumi na nne, za tumboni, zitaletwa barabara ikifunguka. Na mvua ilikuwa ikinyesha. Mume wangu alikuja nyumbani akakaa barazani na viatu vyake vyenye matope, akanishika ule mkono, na hakuuachia hata ilipoadhiniwa magharibi.

Kesho yake nilikwenda zizini. Dresa alikuwa amejitengenezea kitanda cha magunia upande mmoja, mbwa amefungwa upande wa pili, na tayari foleni ya wagonjwa ilikuwa imehamia nje ya uzio wa miiba, wakinyoosha mikono na miguu yao kupitia tundu. Alipoona uso wangu aliwafukuza wote. Nikamwonyesha kidole.

"Niambie ukweli," nikasema. "Usinifanye mtoto."

"Nikikwambia usiogobe, mimi muongo," alisema. "Mimi mwenyewe naogoba. Lakini sikiliza. Mbwa ya kichaa haimezi akisimama na haimezi akikaa. Hii yangu akikaa anameza. Kila siku atakayokula, wewe umebona siku moja. Njoo utazame."

Basi nikaja kutazama. Mara nne kwa siku, siku kumi. Chakula nilipika mwenyewe, na sidhani nimewahi kupika supu kama ile tena maishani mwangu: mifupa ya ngamia tangu alfajiri, nyama imepondwa kwenye kinu mpaka imekuwa laini kama pamba. Mbwa alipokaa kitini nilisimama kwenye uzio, sipumui, macho kooni mwake. Tonge linashuka. Jingine. Siku ya tatu alikataa kula asubuhi, nikaketi chini pale pale, na Dresa, jasho linamtiririka, akachota supu iliyobaki chunguni, isiyogusa bakuli la mbwa, akaionja kwa ncha ya ulimi.

"Abaayo!" akanigeukia. "Umetia bilibili?"

Nilikuwa nimetia. Mikono ilifanya ilivyozoea. Nikakimbia nyumbani nikapika upya, nikilia na kucheka njia nzima, na mbwa akala akamaliza.

Watu wa mji walijua. Garissa haikuwa kubwa. Siku ya tano walianza kuja kutazama pia, kwanza wanawake wa laini, wakakaa nami. Kisha seremala, kuangalia kama kiti chake kinashika. Kisha Sajenti, ambaye alisema amekuja kukagua zamu. Siku ya nane kila tonge liliposhuka watu walisema "Haya!" kwa pamoja, na Mgonjwa, aliyependa watu, alitikisa mkia uliokuwa umetoka kwenye tundu la nyuma ya kiti. Sheikhe mwenyewe alisimama mbali kidogo, akinitazama mimi zaidi kuliko mbwa, midomo yake ikienda kwa dua.

Siku ya kumi Sajenti alifungua zizi mwenyewe. Mgonjwa alitoka, akapita katikati ya watu, akaenda kukojolea gurudumu la gari la Bwana Mkubwa, mzima kabisa. Mume wangu, mtu mtaratibu asiyepandisha sauti hata ndani ya nyumba, alimkumbatia Dresa mbele ya watu wote, yule akiwa bado na khaki yake ya mbwa, na jioni ile nilisikia kupitia ukutani wanaume wawili wakihesabu pamoja, moja mpaka saba.

Sindano zilifika siku iliyofuata. Dresa alifungua kisanduku, akaziona zilivyo ndefu, akakifunga. "Rudisha," akamwambia dereva, na akaenda kukaa kivulini.

Tulihamishwa mwaka uliofuata, tukarudi pwani, na miaka ikapita hadi mume wangu alipopangiwa kazi Wajir. Lori letu lilisimama Modogashe kupoza mashine. Nilishuka kunyoosha miguu, na mbele ya duka moja nikasikia mtu akimfokea msafiri kwa kunywa maji ya dimbwi. Sikuhitaji kugeuka. Alikuwa amestaafu, ndevu amezipaka hina, anangoja gari la kwenda kwao Rhamu. Kando yake alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya kucheka aliyemwita kwa jina lake. Miaka yote ile sikuwahi kulisikia. Sikulizoea, na hata leo haliniingii mdomoni.

Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha. Kisha nikamuuliza.

"Amekufa mwaka jana," alisema. "Mzee. Meno yote imekwisha. Asubuhi amekula kitini, bakuli nzima, nimemshusha, amelala kwenye jua. Basi." Alitazama barabara. "Amekufa ameshiba, abaayo."

Mkewe akanigusa bega. "Mwanaume huyu amelala kitandani siku tatu," alisema kwa Kiswahili cha taratibu. "Amewaambia watu ana malaria. Mimi nikaja na gari kutoka Rhamu kuangalia malaria. Nakuta mtu analia mbwa! Mimi nikifa, sijui kama atalia."

"Wewe kufa kwanza," akasema Dresa. "Tutaona."

Mwanamke yule alimpiga kofi la mgongo, tukacheka wote wanne, mume wangu akishikilia tumbo. Dereva wetu alipiga honi. Dresa alinisindikiza mpaka kwenye lori, akamfokea utingo kwa kunipangia mahali juani, akanihamisha yeye mwenyewe upande wa kivuli na kuniwekea gunia mgongoni. Lori lilipoondoka aliruka nyuma kukwepa vumbi, na nilipotazama tena alikuwa amesimama na mkewe katikati ya barabara, amemshika mkono wazi mbele ya watu, anaelekeza kidole kwenye gurudumu letu la nyuma na kupiga kelele kwamba halina ubebo wa kutosha.

Tulisimama tukalitazama. Kweli, lilikuwa limepungua upepo.